Kreme ya weupe ilitoka kiwandani

Sokoni Kadutu utakuta kreme za kujichubua zimepangwa karibu na sabuni. Tunaziita urembo, lakini historia ya zile za haidrokwinoni inaanza na wafanyakazi walioumia.

Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika juu ya watu weusi wa kiwanda kimoja cha ngozi za wanyama: mikono yao ilikuwa imetoka mabaka meupe. Chanzo kilikuwa dawa ya jamii ya haidrokwinoni iliyochanganywa kwenye mpira wa glavu zao. Ajali ile ya kazi, wafanyabiashara wakaigeuza bidhaa.

Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza melanini, ile kinga yetu ya jua. Ukiipaka miaka mingi, uso unaweza kutoka madoa meusi yanayoelekea bluu, na kuyaondoa ni kazi kwelikweli. Afrika Kusini iliipiga marufuku 1990. Majirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi walianza kuzikamata madukani mwishoni mwa 2018.

Ila askari hawezi kukamata sifa. Kila tukimwambia bibi arusi "umependeza, umekuwa mweupe", tunamtangazia muuzaji bure. Mimi sifa hiyo siitoi. Na wewe je?