Nyuzi mia moja ndani ya mwaka mmoja

Februari 15, 1936, kipimajoto cha mji mdogo wa Parshall, katika jimbo la Dakota Kaskazini nchini Marekani, kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Haikutimia miezi mitano, Julai 6, mji mwingine wa jimbo hilohilo, Steele, ukaandika nyuzi 49.4 juu ya sifuri. Ukijumlisha pande zote mbili unapata nyuzi mia moja na kidogo, yaani masafa yaleyale yaliyopo kati ya maji yanapoganda na maji yanapochemka. Jirani zao wa Dakota Kusini nao waliweka rekodi zao zote mbili mwaka huohuo: nyuzi 50 chini ya sifuri mjini McIntosh mwezi wa Februari, na karibu nyuzi 49 huko Gann Valley mwezi wa Julai. Katika rekodi hizo nne hakuna iliyovunjwa hadi leo. Moja tu, ile ya Gann Valley, ilifikiwa mwaka 2006.

Anayeishi Mombasa, Zanzibar au kandokando ya Ziwa Viktoria hana njia rahisi ya kuyapata mambo haya kichwani. Kwake joto hupanda na kushuka kwa nyuzi chache tu mwaka mzima, kwa sababu maji mengi hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Dakota iko katikati ya bara, bahari iko mbali kila upande. Upande wa kaskazini hakuna safu ya milima inayokatiza tambarare, kwa hiyo hewa ya Aktiki huteremka kupitia Kanada kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Kiangazi kikifika, jua hupiga ardhi hiyohiyo kuanzia alfajiri hadi usiku kuingia, na siku za huko ni ndefu.

Lakini jiografia peke yake haielezi mwaka 1936. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali ndani ya muongo wa ukame. Wakulima walikuwa wamelima mbuga za nyasi asilia ili wapande ngano, na mvua zilipogoma udongo ulipeperuka ukawa mawingu ya vumbi. Udongo wenye unyevu hutumia sehemu kubwa ya nguvu ya jua kugeuza maji kuwa mvuke. Ukishakauka kabisa, nguvu yote hiyo huishia kupasha moto ardhi na hewa iliyo juu yake. Ndiyo maana Kansas nayo ilifika nyuzi 49.4 mjini Alton Julai 24 mwaka huo, na majimbo kadhaa ya kati bado yanabeba rekodi za kiangazi kile.

Msomaji makini atauliza: kama dunia inazidi kupata joto, mbona rekodi za 1936 hazijang'oka? Sehemu ya jibu iko palepale kwenye udongo. Siku hizi maeneo mengi ya tambarare zile yanamwagiliwa, na shamba la mahindi lililostawi hutoa mvuke unaopunguza makali ya mchana. Isitoshe, rekodi ya jimbo zima ni tukio moja la ajabu, na tukio moja halikuonyeshi mwendo wa miaka. Ukitaka mwendo huo, hesabu rekodi za kila siku katika vituo vyote vya nchi. Katika miaka ya 1950 rekodi mpya za joto na za baridi zilikaribiana kwa idadi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kila rekodi moja ya baridi ililinganishwa na takriban mbili za joto. Baridi haijafa, hata hivyo. Januari 31, 2019, Mount Carroll katika jimbo la Illinois ilishuka hadi nyuzi 38.9 chini ya sifuri na kuvunja rekodi ya jimbo.

Namba hizi zote zilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuzisoma. Mwaka 1890 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuitoa kazi ya hali ya hewa jeshini na kuipeleka Wizara ya Kilimo, na mtandao wa watu wa kujitolea ukajengwa nchi nzima. Wengi walikuwa wakulima na wenye maduka. Walipewa vipimajoto viwili ndani ya sanduku jeupe la mbao lenye matundu ya kupitisha hewa, lililoinuliwa kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Kimoja kilikuwa cha zebaki, cha kushika joto la juu la siku. Kingine kilikuwa cha kileo, chenye kipini kidogo ndani kinachovutwa chini baridi inapozidi na kubaki palepale. Kileo kilikuwa cha lazima, kwani zebaki yenyewe huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri.

Ilitokea mara moja kileo nacho kikaishiwa nafasi. Usiku wa Januari 20, 1954, kwenye kambi ya wachimba dhahabu karibu na Rogers Pass, Montana, baridi ilipita alama ya mwisho iliyochorwa kwenye kipimajoto, na kipini kikatumbukia ndani ya tumbo la kioo. Chombo kilipelekwa maabara Washington kikapimwe. Hesabu iliyotoka huko ilikuwa 70 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, kipimo ambacho Wamarekani bado wanakishikilia, na hadi leo ndiyo baridi kali kuliko zote nchini Marekani nje ya Alaska. Ipeleke kwenye Selsiasi inakuwa nyuzi 56.7 chini ya sifuri. Rekodi ya joto ya nchi hiyo, iliyowekwa California mwaka 1913, ni nyuzi 56.7 juu ya sifuri. Namba ni moja, alama tu ndiyo tofauti. Ni sadfa tupu, na nadhani Wamarekani wengi hawajawahi kuiona, maana kwenye Farenhaiti yao haionekani.

Alaska inayo yake: Prospect Creek, Januari 23, 1971, nyuzi 62.2 chini ya sifuri. Hata hivyo jambo la Alaska linalonishangaza zaidi ni joto. Juni 27, 1915, Fort Yukon, mji ulio ndani ya mzingo wa Aktiki, ulifika nyuzi 37.8. Hawaii, visiwa vya minazi vilivyo katika tropiki, rekodi yao ni hiyohiyo, iliyopatikana Pahala mwaka 1931. Hawaii imezungukwa na bahari inayoikataza kuzidi. Kule Fort Yukon, Juni jua halizami.

Spearfish, Dakota Kusini, nayo inataka aya yake fupi. Januari 22, 1943, saa moja na nusu asubuhi, upepo mkavu ulishuka kutoka milimani, na kwa dakika mbili joto likaruka kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 7 juu. Hewa inaposhuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto. Ilipofika saa tatu zilikuwa nyuzi 12. Upepo ukakatika, na ndani ya dakika 27 mji ukarudi ulikotoka. Vioo vya madirisha vilipasuka.

Sasa turudi kwenye ile 56.7, kwa sababu ndiyo yenye ugomvi. Ilisomwa Julai 10, 1913, kwenye shamba la Greenland Ranch ndani ya Death Valley, bonde ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Milima imelizunguka, hivyo hewa ya moto ikipanda hurudishwa chini, ikabanwa, ikazidi kuwaka. Shamba lilikuwa mali ya kampuni ya madini ya boraksi, na msomaji wa kipimajoto alikuwa msimamizi wake, Oscar Denton. Alisimulia baadaye kwamba mbayuwayu walianguka wamekufa wakiwa wanaruka, na taulo mbichi aliyojifunika kichwani kwenda kusoma kipimajoto ilikuwa imekauka kabla hajarudi ndani. Januari ya mwaka huohuo bonde lilikuwa limeandika baridi yake kali kuliko zote, nyuzi zipatazo 9 chini ya sifuri.

Kwa miaka 90 rekodi ya Denton ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya nyuzi 58 zilizosomwa Al-Aziziyah, Libya, Septemba 13, 1922. Jopo la Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipofukua karatasi za Libya, likisaidiwa na mtaalamu wa huko, Khalid El Fadli, ambaye wenzake walimpoteza kwa miezi wakati wa vita vya 2011, liliona kwamba msomaji asiye na uzoefu huenda alisoma ncha isiyo sahihi ya kipini. Kosa la namna hiyo huongeza takriban nyuzi saba. Rekodi ikafutwa mwaka 2012, na Death Valley ikakaa kileleni.

Kukaa kwake hakujatulia. Mwanahistoria wa hali ya hewa Christopher Burt na mwenzake William Reid wanasema vituo vya jirani juma lile havikuonyesha joto la kuweza kuzaa namba ile. Mashine za kisasa palepale bondeni zilifika 54.4 Agosti 2020, kisha zikafika hapohapo Julai 2021, zikagota. Mimi nawaelekea wao. Shirika bado halijalifungua upya faili la 1913, na kwenye orodha rasmi ya dunia jina la kwanza ni shamba la Denton.