Kaizari Yupi Huyu? Kuzitambua Sarafu za Shaba za Roma

Makaizari wasiopungua wanne wa Roma walilitumia jina la Antoninus kwenye sarafu zao. Anayeshika kipande cha shaba chenye jina hilo, tena kilicholika ukingoni, hana budi kutazama mpangilio wa maneno. Antoninus Pius, aliyetawala mwaka 138 hadi 161, kwa kawaida aliandikwa ANTONINVS AVG PIVS. Caracalla, aliyeuawa mwaka 217, aliandikwa ANTONINVS PIVS AVG. Maneno mawili yamebadilishana nafasi, na hapo kati imepita miongo kadhaa.

Herufi zikiwa zimefutika, uso husaidia. Pius ana uso mrefu, mtulivu, wenye ndevu zilizotunzwa. Caracalla wa miaka ya mwisho ana shingo nene, nywele fupi na kipaji kilichokunjamana kwa hasira. Elagabalus, mwingine wa jina hilo, aliyetawazwa mwaka 218 akiwa na miaka kama 14, huonekana kijana kweli. Ndevu zenyewe ni ushahidi mzuri: kaizari wa kwanza kufuga ndevu kamili ni Hadrian, aliyeingia madarakani mwaka 117.

Kabla ya uso, hata hivyo, kuna ukubwa na madini. Mnamo mwaka 23 KK hivi, Augustus alizipanga upya sarafu ndogo za dola. Sestertius, yenye uzito wa gramu 25 hivi, na dupondius, nusu yake kwa thamani, zilifuliwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, yenye rangi ya manjano. As, robo ya sestertius, ilikuwa ya shaba nyekundu. Dupondius na as zinakaribiana kwa ukubwa, na kutu ya kijani huificha rangi. Tangu enzi ya Nero, kaizari kwenye dupondius mara nyingi huvaa taji la miale. Kwenye as huvaa shada la majani au huwa kichwa wazi. Herufi kubwa S C upande wa nyuma si jina la mtu: zinataja uamuzi wa Seneti.

Vyeo navyo hutoa miaka. Sarafu ya Trajan yenye COS V, yaani konsuli kwa mara ya tano, ni ya kati ya 103 na 111, kwani mwaka 112 alishika cheo hicho mara ya sita.

Vigumu zaidi ni vile vipande vidogo vya karne ya nne, vinavyopatikana kwa wingi kuliko vyote. Kuanzia mwaka 330, Constantine alitoa sarafu zenye maneno GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi: askari wawili wamesimama, na kati yao bendera mbili. Mnamo mwaka 335 hivi sarafu ikapunguzwa uzito, bendera ikabaki moja. Chini ya miguu ya askari hao kuna alama ya kiwanda cha sarafu: TR ni Trier, CONS ni Konstantinopoli, SMAL ni Aleksandria. Kwa hiyo hata jina la kaizari likiliwa lote na kutu, hesabu ya bendera inatosha kumpa mwanaakiolojia pa kuanzia. Kipande chenye bendera moja kikikutwa chini ya sakafu isiyoguswa, sakafu hiyo haikutandazwa kabla ya 335 au karibu na hapo. Kikichimbuliwa kwa wizi na kuuzwa, maandishi yake bado yatasomeka, ila sakafu itakuwa imepoteza mwaka wake.