Uzi: Cheti cha afya cha rubani na damu ya watu wa Pwani

Ukitaja kulegeza cheti cha afya kwa marubani binafsi, wale wenye vindege vyao vidogo, hukosi kambi mbili hapa. Moja: "Wanataka kutuangushia ndege." Nyingine: "Hayo masharti ni ya kula pesa za watu." Sisi wa Changamwe ndege zinapita juu ya bati zetu, kwa hivyo hii si habari ya matajiri peke yao. Tuanze na historia, matusi baadaye.

Rubani kupimwa na daktari ni jambo la zamani, lilikuwemo kwenye Mkataba wa Paris wa 1919. Mkataba wa Chicago wa 1944 ukazaa ICAO, Kenya ikajiunga 1964. Kwa viwango vya ICAO, rubani binafsi anahitaji cheti cha daraja la pili: moyo, macho, masikio, akili. Akiwa chini ya miaka 40 kinadumu miezi 60, akivuka 40 ni miezi 24. Na daktari awe ameidhinishwa, sio yeyote wa kliniki ya mtaani.

Sasa selimundu, ama siko seli kama tunavyosema. Kuna anayeugua, na kuna aliyebeba jeni moja tu, mzima kabisa, pengine hata hajui. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka akipima damu za watu. Kwa jamii za karibu na Pwani na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 walikuwa wamebeba. Za nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Mwaka 1954 akaeleza sababu: jeni hiyo moja humkinga mtu na malaria.

Haya, twende Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 makurutu wanne weusi waliobeba jeni hiyo walikufa wakifanya mazoezi mazito Fort Bliss, Texas. Hofu ikaingia kwamba damu hii haiwezi hewa nyembamba ya juu. Chuo cha jeshi la anga kikawafungia mlango wote wenye jeni hiyo, wazima kama walivyo, na mlango haukufunguliwa mpaka 1981, baada ya watu kwenda mahakamani.

Fort Bliss iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Nairobi inakaribia 1,700. Mabasi ya Mombasa yanapanda huko kila usiku yamejaa watu wa Pwani, na wanashuka asubuhi wakitafuta chai.

Chukua kipimo cha 1949 na darasa la watoto 40 wa wenyeji wa Likoni. Kwa sheria ile ya Marekani, wanane hawarushi ndege. Sio kwa kuugua, ni kwa kuzaliwa penye mbu. Leo mwongozo wa ICAO unasema kubeba jeni hiyo kwa kawaida hakumzuii mtu kupata cheti. Ndege hazikubadilika, ni ushahidi uliosomwa vizuri.

Kwa hivyo mtu akisema "legeza", muulize: kipengele gani? Cha moyo mimi sitaki kiguswe ovyo. Januari 2025 ndege ndogo ilianguka Kwachocha, Malindi, na waliokufa walikuwa chini, barabarani. Sisemi chanzo kilikuwa afya ya rubani. Nasema tu anayelipa si lazima awe aliyepanda.

Lakini Uingereza tangu 2016 rubani binafsi anaweza kujaza tamko la afya yake mwenyewe. Marekani tangu 2017 daktari wa kawaida mwenye leseni anatosha, kila miaka minne, kwa ndege ndogo. Mpango kama huo ungemfaa mtu wa Kisauni kuliko kusafiri kumtafuta daktari aliyeidhinishwa.

Ila kuna jambo wanaopigia debe mpango huo hawalitaji: cheti kilicho chini ya kiwango cha ICAO hakikuvushi mpaka bila ruhusa ya nchi unayoingia. Utaruka Mombasa hadi Lamu ukipenda. Ukitaka Pemba, ambayo siku ya mawingu machache ni mwendo mfupi tu kutoka Vanga, lazima Tanzania ikubali kwanza.