Jeki za Herndon na vyumba vitembeavyo vya Dulles

Kila msimu wa baridi unapokwisha hapa Herndon, jimboni Virginia, wenye magari-nyumba huanza kuyatayarisha kwa safari. Gari-nyumba ni gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani yake. Linapoegeshwa kambini hutegemea jeki, aghalabu nne, ili lisimame sawasawa. Kabla ya kuondoka, mwenye gari huzifuta jeki hizo kwa kitambaa safi, akaondoa tope na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, kisha akazipaka mafuta mepesi. Grisi nzito haifai kwenye nguzo hizo zing'aazo, kwani hunasa vumbi, na vumbi hilo huila mipira inayozuia mafuta ya ndani yasivuje.

Kazi hii ndogo ina historia ndefu. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mtambo wa kugandamiza vitu kwa nguvu ya kimiminika. Mwaka 1851 Richard Dudgeon, fundi wa New York, akapata hataza ya jeki ya kubebeka iliyofuata kanuni hiyohiyo. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kuinua mzigo uliohitaji kundi zima la watu.

Hata hivyo, kazi kubwa zaidi ya kuinua magari katika eneo hili haifanyiki kambini, bali katika uwanja wa ndege wa Dulles, jirani na Herndon.

Zamani Herndon ulikuwa mji mdogo wa wafugaji, na maziwa yao yalisafirishwa kwa reli hadi Washington. Mwaka 1958 serikali iliteua mashamba ya karibu, upande wa Chantilly, yawe mahali pa uwanja mpya. Msanifu majengo Eero Saarinen hakutaka abiria watembee mwendo mrefu kuifuata ndege. Aliona ni afadhali chumba cha kungojea chenyewe kiwekwe magurudumu, kiwapeleke abiria hadi mlangoni mwa ndege. Kampuni ya Chrysler, ikishirikiana na ile ya Budd, iliviunda vyumba hivyo. Kila kimoja kiliweza kuchukua watu wapatao 100, nacho kilikuwa na usukani pande zote mbili ili kisilazimike kugeuka. Saarinen alifariki dunia mwaka 1961, na Rais John Kennedy akauzindua uwanja huo tarehe 17 Novemba 1962.

Vyumba vya kwanza vilinyoosha daraja fupi hadi kwenye ndege. Baadaye yakaja magari yaitwayo Plane Mate, ambayo chumba chake chote hupandishwa kwa skrubu kubwa, pamoja na abiria waliomo, hadi kilingane na mlango wa ndege.

Skrubu ya kuinulia haitunzwi kama jeki ya mafuta. Hapa chuma husuguana na chuma chini ya uzito mkubwa, kwa hiyo grisi ni ya lazima. Lakini grisi iliyozeeka, ikichanganyika na mchanga, hugeuka kuwa msasa. Fundi stadi huiondoa yote kwanza, ndipo apake mpya. Anayepaka mpya juu ya chafu husaga chuma chake mwenyewe.

Ndoto ya Saarinen haikudumu kama alivyoiota. Kadiri abiria wa kubadilisha ndege walivyoongezeka, vyumba hivyo vilionekana kuchelewesha watu, na mwaka 2010 treni ya chini ya ardhi ilichukua sehemu kubwa ya kazi yao. Mwezi Novemba 2025 kimoja kiligonga jengo la abiria na watu 18 wakapelekwa hospitalini. Mjadala wa kuviondoa ukapamba moto.

Hata hivyo, bado vinawabeba wageni wengi watokao ng'ambo. Miongoni mwetu tuliotoka Afrika Mashariki, wapo wengi ambao chumba cha kwanza walichoingia Marekani kilikuwa na magurudumu. Kimewafikisha salama kwa sababu, kwa zaidi ya miaka 60, mafundi ambao abiria hawawaoni wamekuwa wakifuta na kupaka. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.