Nyumba ya mmisionari Mbaga: miaka 110 ya kitabu, na wenyeji wasiotajwa

Mwaka 1916, huko Leipzig, Ujerumani, kilitoka kitabu kuhusu imani za Wapare. Mwandishi wake, Jakob Janssen Dannholz, alikuwa mmisionari wa Kilutheri aliyefungua kituo cha kwanza cha misheni Mbaga, katika milima ya Upare Kusini. Mwezi Mei mwaka huohuo majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipita chini ya milima hiyo yakifuata reli ya Tanga hadi Moshi, Wajerumani wakirudi nyuma mbele yao. Mlima ulibadili mtawala kitabu kikiwa bado kibichi.

Mwaka huu kitabu hicho kinatimiza miaka 110. Nyumba ya misheni ya Dannholz nayo ikaja kuwa mahali pa kulala wageni, Hilltop Tona Lodge, na wasafiri wengi kutoka Ulaya wamelijua jina la Mbaga kwa sababu ya nyumba hiyo. Wapare wengi waliozaliwa Dar es Salaam hawajapata kuisikia.

Siku hizi Mtanzania mwenye uwezo akitaka kupumzika kwenye nyumba ya peke yake, akili yake inakimbilia baharini: Paje, Nungwi, Matemwe huko Zanzibar. Mwaka 2016, miaka mia kamili baada ya kitabu cha Dannholz, kisiwa cha Shungimbili karibu na Mafia kilifunguliwa kwa wageni kwa jina la Thanda. Kisiwa kizima kina vila moja, na anayeikodi hulipa maelfu ya dola kwa usiku. Bahari ni yetu na tuisifu. Lakini desturi ya mgeni kutafuta nyumba iliyojitenga, yenye hewa safi na mandhari mbele yake, ilikuwa imeshapanda milimani tangu enzi ya Wajerumani. Maofisa wao walikimbilia Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kulikwepa joto la pwani. Wamisionari nao walijenga juu kwa kuogopa homa za tambarare.

Na Mbaga ni kisiwa kweli, ila maji yake ni nyika. Ukisimama juu unaona tambarare kavu ya Mkomazi imetanda chini ya mlima, na nyuma yako msitu wa Chome unapanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,463, ambacho hakuna kinachokizidi katika milima yote ya Upare. Msitu huo umetengwa na misitu mingine muda mrefu kiasi kwamba yupo ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni asiyepatikana penginepo duniani. Wataalamu walimpa jina la kisayansi la Winifred, mke wa Reginald Moreau, mtafiti wa ndege aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara.

Historia ya misheni yenyewe inafahamika. Walutheri wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893 na kutoka huko wakaja Upare. Wasabato walifika Upare Kusini mwaka 1903 na kuanzia Giti. Hadi leo kuna vijiji vinavyofunga maduka Jumamosi na vingine Jumapili, na watu wanaozeana. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha Wajerumani waliondolewa, Walutheri wa Marekani wakashika kazi, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, kisha vita vya pili vikawaondoa tena. Leo Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina makao yake Same.

Jambo linalostahili kusemwa kwa kirefu ni kile ambacho mgeni anayelala katika nyumba hiyo huambiwa kuhusu wenye mlima.

Kichwa cha kitabu cha Dannholz kinawataja Wapare kuwa watu waliofungwa na imani ya mizimu. Mwenzake wa Kisabato, Ernst Kotz, ambaye mwaka 1909 alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, naye alitoa kitabu mwaka 1922 kuhusu mila zetu, na katika kichwa chake neno kuu ni hofu. Wanaume wawili, madhehebu mawili yaliyoshindania roho za vijiji vilevile, na wote wakakubaliana kwamba Mpare ni mtu wa kuogopa. Mtazamo huo umeishi muda mrefu kuliko wao. Katika matembezi ya Mbaga, vivutio vinavyotangulia ni mapango ya Mghimbi, ambako watu walijificha kuwakimbia wateka watumwa, na mwamba wa Malameni, ambako inasimuliwa kwamba watoto walitolewa kafara hadi miaka ya 1930.

Sisemi hadithi ya Malameni ifichwe. Watoto walioitwa vigego, walioota meno ya juu kwanza, waliteseka kwa imani hiyo, na haki yao ni kukumbukwa. Ninachodai ni kwamba mgeni asishuke mlimani akiwa amebeba hiyo peke yake.

Mwaka 1969 mwanahistoria wetu, Isaria Kimambo, alichapisha historia ya siasa ya Wapare tangu karibu mwaka 1500 hadi 1900. Alipanda milima hii akawasikiliza wazee, na alichokuta ni serikali. Alikuta Washana, wahunzi wa Ugweno huko Upare Kaskazini, walioshika utawala mpaka Wasuya walipowapindua. Alikuta mabaraza, misitu ya jando, na koo zilizojua mipaka yake. Hata leo mashamba ya miteremkoni yanasimama kwa kazi ya wazee hao: mifereji, na ndiva, mabwawa ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Watu waliofungwa na hofu hawapangi zamu ya maji na kuilinda kizazi baada ya kizazi.

Jibu kali zaidi kwa wamisionari wale lilitolewa na Wapare wenyewe, na lilitolewa Same mjini. Wakati wa vita vya pili serikali ya Kiingereza, ikiwatumia machifu, ilileta kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu. Watu waliiita mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa, mtu aingie bomani kwako ahesabu ng'ombe na migomba kisha aamue thamani yako. Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka pande zote za milima, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya na kukaa hapo wakidai wasikilizwe. Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo mwaka 1971.

Wanaume wakiwa kambini, mashamba na nyumba vilibaki mikononi mwa wanawake, na ndipo wanawake wa Usangi, nako Upare Kaskazini, wakaingia katika ugomvi. Mkuu wa wilaya alipopanda kwao walimzingira. Walimtaka amalize shauri la kodi ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe, wote. Mfikirie ofisa yule wa Kiingereza amesimama kati ya mama zetu na dai hilo limetolewa hadharani, bila kupepesa macho. Mawe yalirushwa pia. Mwaka 1947 kodi hiyo ikafutwa. Mama hao walikuwa wa kizazi kilekile cha watoto ambao vitabu vya Ulaya viliwaeleza kuwa wamelelewa katika woga.

Nimewauliza vijana wa Same kuhusu mbiru. Wachache walijua. Katika mji ambamo watu walikesha kuipinga ningetarajia angalau bango.

Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi la SNV lilisaidia kuanzisha utalii wa utamaduni, Mbaga na Usangi zikiwemo, na wageni wakaanza kulala milimani na kutembezwa na vijana wa pale. Kitabu cha Dannholz kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kikawa mwenzi wa wasafiri hao. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa, na magari ya watalii yakaongezeka kwenye tambarare, ingawa machache hupanda. Wakati huohuo Wapare wa mjini wamejenga nyumba nzuri za vigae kwao milimani, nyingi zikifunguliwa Desemba tu. Hakuna ubaya mgeni akilala humo miezi iliyobaki, akapikiwa makande na akatembezwa hadi kwenye ndiva.

Kwa anayetaka kwenda: gari linaondoka Same, linapita Kisiwani pembeni mwa hifadhi, kisha linaanza kupanda. Mvua ikinyesha barabara ya juu huteleza, na usiku unahitaji sweta. Vitabu vya Kimambo ni adimu. Atakayevipata maktaba avisome kabla ya kupanda.