Joto kali Uvira na bonde la Ruzizi: dalili za hatari na namna ya kujikinga

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane hadi mvua ishike vizuri, joto linazidi Uvira na mu bonde la Ruzizi. Uvira iko chini, kandokando ya ziwa Tanganyika, karibu metre 780 juu ya bahari. Bukavu iko karibu metre 1.500. Ndiyo maana mutu anayeshuka kutoka Bukavu anasikia tofauti siku ileile.

Joto linafanya nini mu mwili?
Mwili unajipoza kwa kutoa jasho. Maji na chumvi vikipungua, kichwa kinauma, kizunguzungu kinashika, misuli inakazana. Huko ni kuchoka kwa joto: pumzika ku kivuli na kunywa maji. Lakini joto la mwili likipita digri 40, mutu anaweza kuanza kusema ovyo, kutetemeka ao kuzimia. Hapo anaweza kufa mu masaa machache.

Si kila homa ni malaria
Huku kwetu mutu akiwaka moto, mara moja tunakimbilia dawa ya malaria ao paracetamol. Paracetamol haishushe joto lililotoka ku jua. Kama mutu alikuwa ku jua na amechanganyikiwa, mumupoze kwanza: mumupeleke ku kivuli, mumuvue nguo nzito, mumumwangie maji mwili mzima na kumupepea. Kama hajitambue, musimupe kitu kwa kinywa. Mumupeleke haraka ku kituo cha afya, na njiani muendelee kumupoza. Kule watapima pia malaria.

Kujikinga kila siku
- Kazi ya shamba na ya kubeba mizigo ifanyike asubui mbele ya saa ine, ao kisha saa kumi.
- Kunywa maji hata kama kiu haijafika. Maji ya ziwa ao ya mto yachemshwe ao yatiwe dawa, ju kolera iko Uvira.
- Nyumba ya manjanja na kibanda cha shitingi vinawaka sana saa sita. Mushinde inje, chini ya muti. Usiku, fungua madirisha ila tumia musikitere.
- Mutoto wa chini ya miezi sita anyonye mara nyingi zaidi. Hana lazima ya maji.

Maji ya chumvi na sukari
Kwa mutu aliyetoka jasho sana ao anayehara: litre moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko visijae kupita ukingo: chumvi ikizidi inaumiza, zaidi watoto.

Wazee, wamama wenye mimba na wagonjwa wa moyo ndio wanaumia wa kwanza. Kama kuna muzee anayeishi peke yake jirani yako, pita kumuona saa nane, wakati jua linawaka zaidi. Mulizie kama amekunywa maji, na umuletee.