Maktaba za pamoja: kazi inayofanyika ndani ya kompyuta kabla utabiri wa ziwa haujakufikia

Tunaposoma utabiri wa Ziwa Victoria jioni, mvuvi wa dagaa hapa Iringo anaamua kama ataingia ziwani na taa zake au ataacha mtumbwi ufukweni. Wasikilizaji wengi hutuuliza: huo utabiri unatoka wapi? Sehemu ya jibu iko ndani ya kompyuta, kwenye kitu kinachoitwa maktaba za pamoja za programu. Leo tunakifafanua.

Kompyuta moja haitoshi

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto. Upepo wa kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwani huja usiku wa manane na alfajiri, wakati wavuvi wako kazini.

Ili kukokotoa hali hiyo, wataalamu huligawa eneo katika miraba. Tukichukua miraba yenye upande wa kilomita 4, uso wa ziwa peke yake unatoa miraba 4,300. Juu ya kila mraba kuna matabaka mengi ya hewa, na hesabu hurudiwa kwa kila hatua ndogo ya muda. Kompyuta moja ya kawaida ingeweza kumaliza hesabu hiyo wakati dhoruba imeshapita.

Kwa hiyo kompyuta nyingi huunganishwa zifanye kazi kama moja. Mkusanyiko huo huitwa klasta, na kila kompyuta ndani yake huitwa nodi. Klasta ya Ranger, iliyoanza kazi Texas, Marekani, mwaka 2008, ilikuwa na nodi 3,936. Ilipostaafishwa mwaka 2013, vipande vyake vilipelekwa Afrika Kusini, Tanzania na Botswana ili kusaidia kujenga uwezo wa aina hiyo barani Afrika.

Maktaba ya pamoja ni nini?

Fikiria mashine ya kusaga ya kijiji. Si kila nyumba inayonunua mashine yake. Mama mwenye udaga na mama mwenye mahindi wote hupeleka pale pale. Maktaba ya programu ni hivyo hivyo: ni kazi iliyokwisha andikwa na kujaribiwa, ambayo programu nyingine huitumia badala ya kuiandika upya.

Programu ya utabiri iitwayo WRF, ambayo ni miongoni mwa zinazotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutegemea maktaba kama hizo. Mojawapo ni NetCDF, inayosoma na kuandika mafaili ya takwimu za hewa. Nyingine ni zile zinazofuata kanuni za MPI, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1994, ambazo huziwezesha nodi kupeana habari. Nodi inayokokotoa upepo wa upande wa Musoma inahitaji kujua kinachotokea kwenye kipande cha jirani, maana upepo hauna mpaka.

Katika kompyuta za Linux, faili la maktaba ya pamoja huwa na jina lenye herufi .so. Programu huliita pale inapoanza kazi. Faida yake ni kwamba nakala moja hutumika na wengi, na kosa likirekebishwa mara moja, wote wananufaika.

Hatari iko wapi?

Mwenye mashine akibadilisha chekeche usiku, kesho yake kijiji kizima kinapata unga tofauti. Ndivyo ilivyo toleo la maktaba linapobadilishwa. Programu iliyotengenezwa kwa toleo la zamani inaweza kukataa kuanza. Mbaya zaidi, inaweza kuanza na kutoa majibu yaliyotofautiana kidogo bila kupiga kelele.

Kwa sababu hiyo, wasimamizi wa klasta hawafuti toleo la zamani. Huweka matoleo kadhaa kando kwa kando, na mtumiaji huchagua. Amri ya module avail huonyesha yaliyopo, module load huchukua unalolitaka, na module list hukumbusha uliyochukua.

Kosa lingine la kawaida ni mahali. Mtumiaji huingia kupitia nodi ya mapokezi, lakini hesabu hufanyika kwenye nodi nyingine. Maktaba ikiwekwa kwenye nodi ya mapokezi tu, nodi za kazi haziioni, na programu inakufa. Dawa yake ni kuiweka kwenye diski ambayo nodi zote zinaifikia. Amri ya ldd huonyesha maktaba ambazo programu inazihitaji na zipi hazikupatikana.

Wapo wanaobeba kinu chao, yaani wanaziingiza maktaba ndani ya programu yenyewe. Programu huwa nzito na marekebisho hayaifikii, lakini hakuna anayeweza kuibadilishia chekeche.

Kwa kijana wetu aliye chuoni

Kama unasomea kompyuta na umepewa nafasi kwenye klasta, shika haya:
- Andika toleo la kila maktaba uliyotumia, pamoja na tarehe.
- Weka amri za module load ndani ya faili la kazi lenyewe, usitegemee kumbukumbu.
- Jaribu kazi ndogo kwanza kabla ya kuituma kubwa.
- Usisakinishe kilichokwisha wekwa. Muulize msimamizi.

Kwa mvuvi na familia yake, la kukumbuka ni moja. Utabiri ni hesabu, na hesabu yenye faida ni ile inayokamilika kabla mtumbwi haujasukumwa majini. Sikiliza taarifa mpya ya TMA kila siku, usitumie ya jana. Na ukiona wingu zito linajikusanya juu ya ziwa, usisubiri redio: rudi nchi kavu.